Afisa wa probesheni afungeje mahojiano na mkosaji wa ng'ambo ya mpaka?

WAFANYABIASHARA wa mpakani wanawafahamu vizuri maofisa wa forodha, uhamiaji, polisi na askari wa kaunti au halmashauri. Wengi hawamfahamu afisa mmoja ambaye siku ya shida anaweza kuwaepusha na jela. Huyo ni afisa wa probesheni.

Afisa huyu huingia pale mtu anapotiwa hatiani kwa kosa lisilo kubwa, au anapokiri mwenyewe, na hakimu akaahirisha kutoa adhabu mpaka apate ripoti. Huketi na mkosaji katika ofisi iliyo karibu na mahakama au huko mahabusu, akamuuliza habari zake: anaishi wapi, anaishi na nani, anafanya kazi gani, kosa lilitokeaje, na amefanya nini kumtuliza aliyekosewa. Majibu hayo, pamoja na yale anayoyapata kwa ndugu, viongozi wa mtaa na mlalamikaji, ndiyo yanayojaza ripoti ambayo hakimu huisoma kabla ya kuamua kati ya jela, faini, probesheni au huduma kwa jamii.

Mengi yameandikwa na kufundishwa juu ya namna ya kuanza mahojiano ya aina hiyo. Kuyamaliza hakuzungumzwi sana, ingawa mwisho ndipo mambo mawili huamuliwa: kama yaliyoandikwa ni sahihi, na kama mkosaji anajua atakachofanya akitoka nje. Mwenye nyumba upande uleule wa mpaka akihojiwa kwa haraka, kosa linaweza kurekebishwa, kwa sababu afisa anaweza kupanda bodaboda kesho yake na kwenda kijijini kuuliza alichosahau. Kwa mtu ambaye kwao ni nchi ya jirani, nafasi hiyo haipo.

Adhabu za nje ya jela katika nchi jirani

Probesheni na huduma kwa jamii si kitu kimoja. Anayewekwa chini ya probesheni hurudi nyumbani kwa masharti na huripoti kwa afisa kwa kipindi kilichowekwa na mahakama. Nchini Kenya kipindi hicho ni kati ya miezi 6 na miaka 3. Anayepewa huduma kwa jamii hufanya kazi ya umma bila malipo, kama kusafisha shule au hospitali, kupanda miti au kutengeneza barabara, kwa saa alizopangiwa, kisha hurudi kwake kila siku.

Kenya ilitunga sheria yake ya huduma kwa jamii mwaka 1998, Uganda mwaka 2000 na Tanzania mwaka 2002. Kenya na Tanzania zinaitumia kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, na pia pale kosa linapobeba kifungo kirefu zaidi lakini hakimu akaona kuwa miaka 3 au pungufu inatosha. Uganda imeweka kikomo cha miaka 2, na kazi yenyewe haipaswi kuzidi miezi 6 wala saa 8 kwa siku.

Mfanyabiashara anayevuka mpaka hana budi kujua pia kwamba majina hubadilika. Kuna wanaosema "kifungo cha nje" wakiwa na maana ya adhabu hizi zote kwa pamoja. Nchini Uganda afisa wa probesheni hubeba pia kazi za ustawi wa jamii, na watu wengi humjua kwa mashauri ya watoto na familia. Anayeulizwa kama amewahi kupata kifungo cha nje akajibu bila kuelewa swali anaweza kuandikiwa rekodi asiyokuwa nayo.

Chimbuko la kazi yenyewe lingewafurahisha watu wa biashara. Mwaka 1841, mjini Boston nchini Marekani, fundi viatu aitwaye John Augustus alimwomba hakimu amwachie mlevi mmoja aliyekuwa karibu kufungwa, akaahidi kumwangalia. Baada ya wiki chache alimrudisha mahakamani akiwa na akili timamu, na hakimu akamtoza faini ya senti moja. Augustus aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi bila kuajiriwa na serikali, na wanahistoria humtaja kuwa baba wa probesheni. Ahadi yake ilikuwa na uzito kwa sababu mtu aliyemdhamini alikuwa mjini hapohapo, akionekana kila siku. Maofisa wa mpakani leo wanatakiwa kufanya kazi ileile kwa mtu ambaye jioni hulala nchi nyingine.

Mamlaka yanaishia kwenye kizuizi

Afisa aliyeko Taveta, upande wa Kenya, hana mamlaka ya kikazi Holili wala Rombo, upande wa Tanzania. Vivyo hivyo afisa wa Tororo hana mamlaka Malaba ya Kenya, na wa Longido hana mamlaka Namanga ya Kenya. Akitaka kuthibitisha makazi ya mkosaji ng'ambo, atategemea simu, barua na ndugu watakaokubali kuvuka kuja kuonana naye. Vyote hivyo hupatikana kwa taarifa moja, yaani yale aliyoambiwa na mkosaji katika mahojiano.

Hapo ndipo mwisho wa mahojiano unapokuwa na uzito. Namba moja ya simu iliyokosewa tarakimu moja inatosha kuifanya ripoti iseme kwamba makazi hayakuthibitika. Hakimu anaposoma maneno hayo, hajiulizi kama namba ilikosewa. Anachokiona ni mtu asiye na anwani inayojulikana, aliye raia wa nchi nyingine, na ambaye akiachiwa anaweza kuvuka mpaka asionekane tena. Jela huonekana ndiyo njia salama, hata kama kosa ni la kugombana sokoni.

Nchini Kenya, kupigana au kuleta fujo kwa namna inayoweza kuvunja amani ni kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miezi 6. Ni aina ya kosa ambalo sheria ya huduma kwa jamii ililengwa kulishughulikia. Lakini mama anayeuza ndizi akikaa ndani hata mwezi mmoja, mtaji wake umekwisha, kikundi chake cha kukopeshana kinamdai, na watoto wamegawanywa kwa majirani.

Kuna tofauti ndogondogo ambazo afisa makini huziuliza kabla ya kufunga daftari. Kenya, anayetambulisha mkazi ni chifu au naibu wake, au mzee wa mtaa. Tanzania ni mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, na mtendaji wa kijiji au kata ndiye mwenye muhuri. Uganda ni mwenyekiti wa LC1. Afisa akiandika kwamba mkosaji "ameshindwa kumtaja chifu wake", huku mkosaji akitoka nchi ambayo haina machifu wa namna hiyo, ripoti imemwonea bila mtu yeyote kukusudia.

Simu nayo ina yake. Wafanyabiashara wengi wa mpakani wana laini mbili, moja ya kila upande, na hubadilisha wanapovuka. Afisa aliyepewa laini moja tu atampigia mtu siku nzima asimpate, akadhani ametoroka.

Wakati wa kufunga

Mahojiano yanapaswa kufungwa kazi iliyoyaleta inapokuwa imekamilika. Afisa anayeandaa ripoti kwa ajili ya hakimu ana mambo anayohitaji kujua, na akishayapata, kuendelea kuuliza ni kumchosha mtu na kumfanya ajipinge. Dalili ya kuwa muda umefika ni pale majibu yanapoanza kujirudia na maswali kuanza kwenda kwenye mambo yasiyohusu kosa wala adhabu.

Kuna nyakati ambapo mahojiano yafaa kusitishwa hata kama hayajakamilika. Mtu akiwa amelewa, mgonjwa, au hajalala usiku kucha huko mahabusu, anachosema hakitamsaidia yeye wala mahakama. Mtu asiyeelewa lugha vizuri anahitaji mkalimani kabla ya swali linalofuata. Kiswahili kinavuka mipaka yote hii, lakini si kila mtu wa Busia anakimudu kama anavyomudu Kisamia au Kiteso, na si kila mfugaji wa Namanga anaweza kueleza jambo zito nje ya Kimaasai. Kutumia mshitakiwa mwenzake au askari kama mkalimani huharibu zaidi, maana kuna mambo mtu hatayasema mbele yao.

Hasira ni sababu nyingine. Mkosaji akianza kutishia, au afisa mwenyewe akijiona anapandisha sauti, kusimama kwa muda ni busara kuliko kushindana. Afisa huweza kusema kwamba wataendelea baadaye, akataja lini, na kuondoka bila kutupa neno la mwisho.

Sababu nyingine ni kitu kidogo. Mkosaji akiingiza mkono mfukoni, mahojiano yanasimama. Afisa humweleza wazi kwamba ripoti hailipiwi na kwamba kutoa hongo ni kosa jipya kubwa kuliko la kwanza. Na afisa akiwa ndiye anayedokeza kwamba ripoti nzuri ina gharama yake, mkosaji ana haki ya kumwambia wakili wake au hakimu. Kwa watu waliozoea kulipa njiani kila wanapopita, jambo hili lafaa kusemwa bila kuzunguka: mahojiano haya hayana ada.

Hali ya tano ni nzito zaidi. Wakati mwingine mkosaji hulegea, akaanza kueleza makosa mengine ambayo hakushitakiwa nayo. Afisa mwaminifu humkatiza hapo. Humkumbusha kwamba yale anayoyasema si siri ya watu wawili, kwamba yeye anaiandikia mahakama, na kwamba kwa mambo hayo inafaa aonane kwanza na wakili. Kumwacha aendelee kwa sababu habari imenoga ni kumtega.

Nyakati zisizofaa kufunga

Kuna wakati ambapo mtu hatakiwi kuachwa aondoke. Mama aliyemaliza kueleza jinsi alivyofiwa na mume na kuachiwa madeni, machozi yakiwa bado usoni, asiambiwe "haya, asante, mwite anayefuata". Afisa huhitaji dakika chache za kumrudisha kwenye mambo ya kawaida: nani atakuja kumwona leo, watoto wako na nani, amekula. Ikiwa maneno yake yanaonyesha anafikiria kujidhuru, mahojiano hayaishi mpaka msimamizi wa mahabusu au mhudumu wa afya ajulishwe.

Simu ya afisa kuita, karani kugonga mlango au saa ya chakula kufika si sababu za kufunga. Ikilazimu kuondoka, ni bora kusema kwamba mahojiano yamesimama na yataendelea saa fulani kuliko kuyamaliza nusu na kujaza nafasi zilizobaki kwa kukisia.

Tena kuna lile neno la mlangoni. Katika nchi zetu mgeni haagi mara moja, na mara nyingi kilichomleta hukisema akiwa amekwisha kusimama. Wakosaji nao ni hivyohivyo. Mtu aliyejibu maswali yote kwa ufupi anaweza kushika kitasa kisha akasema, "Afisa, yule aliyenishitaki ni shemeji yangu." Neno hilo linaweza kubadilisha ripoti nzima, kwa sababu ugomvi wa kifamilia unaweza kupatanishwa. Afisa anayeweka kando dakika chache za mwisho, kalamu ikiwa bado mkononi, hulipata. Anayetazama saa halipati.

Namna ya kufunga

Mwisho mzuri hutangazwa kabla haujafika. Mtu anayeambiwa kwamba zimebaki dakika kumi hujipanga na kusema lililobaki. Kisha afisa humsomea kwa kifupi alichoandika, akimpa nafasi ya kusahihisha. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu adhabu zisizo za kifungo, zilizopitishwa mwaka 1990 na kujulikana kama Kanuni za Tokyo, zinataka ripoti ya aina hii iwe ya mambo ya kweli, isiyo na upendeleo, na maoni ya afisa yaonekane wazi kuwa ni maoni. Kumsomea mhusika ni njia rahisi ya kujua kama kilichoandikwa ni cha kweli.

Tuchukue mfano wa afisa wa Taveta anayemhoji mama mfanyabiashara kutoka Rombo, aliyekiri kosa la kuleta fujo sokoni.

"Mama, tumebakiza kama dakika kumi. Nitakusomea nilichoandika, nawe unisahihishe nilipokosea."

"Sawa mwanangu, soma."

"Nimeandika unaishi na watoto wanne."

"Watatu ndio wangu. Huyo wa nne ni mjukuu, mama yake yuko Moshi."

"Ahsante. Na huyu kaka yako uliyenipa namba yake, nikimpigia leo nitampata?"

"Hapokei namba asiyoijua, tena ya Kenya. Mpigie mtendaji wa kijiji kwanza, yeye ndiye atamwambia apokee."

Mazungumzo hayo hayachukui hata dakika mbili, lakini yameepusha mambo mawili ambayo yangeiharibu ripoti. Idadi ya watoto ingetofautiana na ile ambayo ndugu wangeitaja, na mama angeonekana mwongo. Kaka asingepokea simu, na familia ingeonekana imemtupa.

Baada ya muhtasari hufuata hatua inayokuja. Afisa humweleza mkosaji kwamba atamsikiliza pia mlalamikaji, kwamba ripoti itakwenda kwa hakimu, na kwamba tarehe ya hukumu ni fulani. Hapa pana mtego unaowanasa hata maofisa wema. Mtu aliyeogopa huuliza, "Kwa hiyo nitatoka?" Jibu la huruma ni "usijali". Jibu la kweli ni kwamba hakimu ndiye anayeamua na hafungwi na ripoti. Aliyeambiwa asijali kisha akafungwa hatamwamini tena afisa yeyote, na ndugu zake huko kwao watasimulia kwamba walidanganywa.

Kufunga pia ni nafasi ya kuhakikisha mtu anaelewa anachokubali. Sheria ya Kenya inamtaka hakimu amweleze mkosaji kwa lugha ya kawaida maana ya amri ya probesheni na matokeo ya kuivunja, na amri hiyo haitolewi mpaka mkosaji aseme yuko tayari kuifuata. Mtu anayesikia maelezo hayo kwa mara ya kwanza akiwa kizimbani, mbele ya umati, atasema "ndiyo" kwa lolote. Aliyeyasikia kwanza kwa afisa, akauliza maswali yake, husema ndiyo anayoijua.

Mwisho kabisa ni tarehe na saa. Tanzania, Kenya na Uganda zina saa moja, lakini Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja. Mtu wa Rwanda anayevuka Rusumo kuja Tanzania, au mtu wa Kongo anayevuka Mpondwe kwenda Uganda, akiambiwa "saa tatu asubuhi" ana haki ya kuuliza saa tatu za wapi. Kuchelewa saa nzima mbele ya hakimu asiyejua sababu kunaweza kuzaa hati ya kukamatwa.

Vikao vya kila mwezi navyo vina mwisho

Mtu akishapewa probesheni, mahojiano huendelea kwa njia ya vikao vya kuripoti. Hapa pia mwisho ni muhimu. Mwaka 2008 mtafiti James Bonta na wenzake nchini Kanada walichapisha matokeo ya kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa kati ya maofisa wa probesheni na watu waliowasimamia katika jimbo la Manitoba. Pale ambapo masharti ya amri yalichukua dakika 15 au zaidi za kikao, waliosimamiwa walirudia makosa kwa kiwango kikubwa kuliko pale masharti yalipozungumzwa kwa ufupi.

Mafunzo ambayo watafiti hao waliyaandaa baadaye yanakigawa kikao katika sehemu nne: kujuliana hali na kuangalia kama kuna dharura, kurejea yaliyosemwa kikao kilichopita, kufanyia kazi jambo moja linalomwingiza mtu kwenye kosa, kisha kumpa kazi ya kwenda kufanya kabla hawajaonana tena. Kwa hiyo kikao kinamalizika kwa jambo la kutenda, si kwa onyo.

Kwa mfanyabiashara aliyegombana sokoni, jambo hilo linaweza kuwa kukubaliana na mwenzake mpaka wa meza zao mbele ya viongozi wa soko, au kulipa sehemu ya deni lililozua ugomvi. Linapaswa kuwa moja, dogo, na la kuulizwa kikao kijacho. Aliyepewa maonyo kumi huondoka bila hata moja.

Siku ya kuripoti nayo ipangwe kwa kutazama siku za soko. Kumpangia mchuuzi siku ileile anayopata riziki ni kumchagulisha kati ya amri ya mahakama na chakula cha watoto. Na kama biashara yake inamtaka avuke mpaka, ruhusa ya kutoka nje ya eneo la usimamizi iombwe na kueleweka kabla ya kuagana. Wengi huona kuvuka kuwa ni safari ya kwenda sokoni tu. Kwa mahakama inaweza kuwa ni kutoroka usimamizi.

Hoja za upande wa pili

Maofisa wana la kujitetea. Foleni ni ndefu, ofisi moja huhudumia eneo kubwa, na hakimu anataka ripoti kwa tarehe aliyoitaja. Anayeambiwa atumie dakika kumi zaidi kwa kila mtu ataona anaongezewa mzigo. Hesabu hiyo lakini haijumlishi gharama ya ripoti mbovu: kesi kuahirishwa, mahojiano kurudiwa, mkosaji kuendelea kulala mahabusu kwa gharama ya serikali, na mashahidi wa ng'ambo kuitwa tena. Dakika kumi za mwanzo ni nafuu kuliko siku kumi za baadaye.

Walalamikaji nao wana la kusema. Mwenye duka aliyevunjiwa meza haoni kwa nini mvunjaji aulizwe kama ameelewa na kama amekula. Manung'uniko hayo yana haki, na ndiyo maana mwisho mzuri wa mahojiano humtaja pia aliyekosewa. Afisa anapomwambia mkosaji, "Kesho nitamsikiliza uliyemvunjia meza. Una neno la kumpelekea?", anafungua njia ya fidia au suluhu ambayo hukumu ya kifungo isingeileta. Mvunjaji aliyeko jela hawezi kulipa meza.

Kabla hujasimama

Kwa mfanyabiashara, au ndugu yake anayemhangaikia, yapo mambo machache ya kuandaa. Kitambulisho cha taifa cha kwao, au nakala yake. Barua ya mtendaji, chifu au mwenyekiti wa LC1, yenye muhuri na namba ya simu. Laini za pande zote mbili za mpaka. Majina ya watu wawili wanaomfahamu, mmoja wa nyumbani na mmoja wa sokoni upande alikoshitakiwa, kwa maana huyo wa pili ndiye afisa anayeweza kumfikia kwa miguu.

Na kabla ya kuinuka kitini, maswali manne yanatosha. Umeandika nini juu yangu? Utampigia nani, na kwa namba ipi? Nini kinafuata, na tarehe gani, saa za wapi? Nikikumbuka jambo baadaye, nitakupataje? Hakuna afisa anayejua kazi yake atakayechukizwa na maswali hayo. Akisahau kuyajibu kabla hajaulizwa, mkosaji akumbushe kwa adabu, akiwa bado ameketi.